Ukuta Tulioupandisha kwa Msimu Mmoja

Mutheu mwanangu,

Salamu sina haja ya kukuletea, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na afya yako nimeiona kwa macho yangu. Sasa umeenda Ndithini kumuaga susu yako, na ninavyomjua bibi huyo hatakuachilia kabla hujala muthokoi sahani mbili na kusikiliza habari za meno yake. Basi nimepata jioni hii peke yangu. Nimebandika maharagwe, nimevuta stuli mlangoni palipo na mwanga, na nimechukua kalamu ya baba yako bila ruhusa. Usicheke kwamba naandika kwa Kiswahili. Kikamba nakisema, lakini barua nimezizoea kwa Kiswahili tangu miaka ile baba yako akichonga mawe Lukenya na mimi nikimwandikia habari za mbuzi.

Sitakuambia uchemshe maji, wala utembee na nani, wala ulale saa ngapi. Kama hayo hujayajua mpaka leo, karatasi hii haitakusaidia. Nataka kuandika juu ya lile uliloniuliza juzi.

Tulikuwa tukipeta ndengu. Uliweka ungo chini ukaniambia, "Mwaitu, sema tu nibaki, na mimi nitabaki." Nilijifanya vumbi limeniingia jichoni. Nilikusikia vizuri.

Najua swali hilo lilikotoka. Hao watu wa maji waliokuajiri wanakupeleka Kajiado ukasimamie ujenzi wa bwawa la mchanga, na mwezi uliopita ulipotoka kuwatembelea wenyeji ulirudi umenyong'onyea. Watu wa huko wamechoka na ukame. Mwenyekiti wao amesema mbele ya baraza kwamba ukuta wote utasimama kabla ya mvua, na wewe ndiye utakayewaambia wajenge kipande, wangoje mvua, halafu wajenge kingine. "Watanisikiaje?" ulisema. "Mimi ni msichana, na si wa kwao." Hapa nyumbani nako kifua cha baba yako kimejaa vumbi la Lukenya, goti langu linagoma kupanda mlima, na kikundi chetu cha kijiji kinakutaka uwe katibu. Sababu za kubaki ziko tele, tena ni nzuri. Nitakujibu kabla sijamaliza barua. Kwanza nataka tushuke mtoni.

Ule ukuta wetu watu wanauita Ukuta wa Mama Mutheu, na jina lako limo humo bila kosa lako. Shuleni walikutania nao. Mpaka leo sokoni Ekalakala mtu akifanya jambo kwa pupa anaambiwa anajenga kama Mama Mutheu. Nimezoea. Siku nyingine nacheka pamoja nao, siku nyingine nanunua nyanya zangu upesi nikaondoka. Hadithi yenyewe wewe unaijua kwa upande wa punda, maana ndiwe uliyetembea naye. Kwa upande wangu sijawahi kukusimulia yote, na huko unakoenda utaihitaji.

Ulipokuwa darasa la tano nilikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu. Kajiado hawatalijua neno hilo, itabidi uwaeleze. Watu wa kijiji, wengi wao akina mama, wanakusanyika siku moja ya wiki kwenye shamba la mmoja wao, wanamchimbia matuta ya kuzuia udongo usiende na mvua. Wiki inayofuata wanahamia kwa mwingine, mpaka zamu imzungukie kila mmoja. Hakuna anayelipwa. Unachimbiwa kwa kuwa na wewe ulichimba. Anayekosa bila sababu anatozwa kuku, na akizidi kukosa, zamu yake inarukwa.

Mimi nilikuwa hodari wa kuita watu, na sisemi hivyo kwa kujivuna, maana ni kipaji tu, kama mwingine alivyo na sauti ya kwaya. Nikipuliza filimbi pale juu kwenye mwamba, wanatoka hata waliokuwa wanajisingizia homa. Kwa hiyo tulipopata msaada wa simiti na vyuma ili tujenge bwawa la mchanga, hakuna aliyeuliza nani ataongoza.

Afisa wa maji alikuja akatueleza kazi, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa matope. Alichora chini kwa fimbo. Mto wetu, alisema, ukishuka na mvua unabeba mchanga na tope pamoja. Mkijenga ukuta mfupi, mchanga mzito utabaki nyuma yake na tope jepesi litapita juu liende zake. Msimu unaofuata pandisheni kidogo, mchanga uongezeke, na maji yatakaa ndani ya huo mchanga hata jua likiwaka miezi. Lakini mkiupandisha wote kwa mara moja, maji yatasimama kama ziwa, na tope litatulia chini kabla mchanga haujafika. Alituuliza kama tumeelewa, nami ndiye niliyejibu kwa niaba ya wote kwamba tumeelewa.

Na nilielewa, Mutheu. Ndilo jambo ninalotaka ulione. Watu husimulia kana kwamba Mama Mutheu hakujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Ila kulikuwa na jambo jingine nililolijua zaidi, nalo ni mwethya. Nilijua kwamba ukishawaambia wale kina mama "rudini nyumbani tungoje mvua," wanarudi nusu. Mmoja ataolewa, mwingine atamfuata mumewe Athi River, mwingine atagombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, na siku ya kupuliza filimbi utabaki na vikongwe na waimbaji. Kikundi chenye ari ni moto wa kuni mbichi, ukiuacha unazimika. Tena ng'ambo ya mto kulikuwa na kikundi kingine kilichokuwa kinajenga bwawa lake, nao walikuwa wameshaanza kuimba nyimbo za kutucheka. Nikaona bora niutumie moto ungali unawaka. Nikasema ukuta wote upande kabla ya mvua ya Novemba.

Walishangilia wote isipokuwa Syombua. Wewe unamjua Syombua akiwa mzee na fimbo yake, lakini wakati huo alikuwa mjane mwenye nguvu, anabeba jiwe ambalo mimi ningeita mtu. Alisimama katikati ya mkutano, jembe begani, akasema, "Huyo kijana alisema tungoje. Wewe unakimbilia wapi, Mama Mutheu?"

Ningeweza kumjibu kama nilivyokueleza hapa, kwamba naogopa watu watatawanyika. Lingekuwa jibu la kweli na labda tungelijadili. Badala yake nilimwambia kwamba aliyechoka aende akapumzike, tutamletea maji kitandani. Watu wakaangua kicheko. Syombua alilirekebisha jembe lake begani. Aligeuka akaondoka, na siku ya kazi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hiki ndicho kinachoniuma kuliko ukuta. Zamu ya shamba lake ilikuwa inafuata. Matuta yake yalikuwa yamechimbwa nusu, upande wa chini tu, na shamba lenyewe liko kwenye mteremko mkali, unaujua. Katibu aliniuliza tufanye nini. Nikasema sheria ni sheria, amekosa mara mbili, zamu yake irukwe. Kila mtu alijua sheria hiyo ilikuwepo, na kila mtu alijua pia hatukuwahi kumrukia mjane. Katibu akaandika. Mwethya ambao mama zetu walituachia ili mnyonge asilime peke yake, mimi niliugeuza kuwa fimbo ya kumchapia mtu aliyenipinga.

Ukuta ukapanda. Tulibeba mawe kwa vichwa, tukakoroga simiti kwa koleo, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mvua ilipofika, mto ulishuka usiku, na asubuhi tulikuta ziwa nyuma ya ukuta. Ziwa, Mutheu, pale ambapo tulizoea kuona mchanga mweupe na kwato za mbuzi. Tulichinja. Watoto walirusha vijiwe majini, wewe ukiwa mmoja wao, na mimi kichwa kilinivimba hata leso ilikuwa haitoshi kukifunga. Mvua hiyohiyo ilipita kwenye shamba la Syombua pale palipokosa matuta ikachukua udongo wote wa juu, mpaka ukaona mawe yametoka kama mbavu. Udongo wake naamini uliteremka mpaka kwenye ziwa langu.

Januari ziwa likakauka. Tulienda kuchimba mchanga ili tuteke maji, na mchanga haukuwepo. Kulikuwa na tope jeusi, limepasukapasuka, limejaa hadi karibu na ukingo wa ukuta. Tulichimba shimo refu kuliko mtu tukapata kiasi cha kikombe, kina harufu ya kitu kilichooza. Hakuna aliyenitazama. Waliokota majembe yao mmoja mmoja wakapanda kilima.

Kuanzia hapo ndipo inaanza hadithi unayoijua wewe. Visima vidogo vya mchangani ambamo tulikuwa tunachota hapo zamani vilikuwa vimefunikwa na lile tope, kwa hiyo tulikuwa tumepoteza hata tulichokuwa nacho. Ikabidi uende na punda mpaka mto mkubwa, uondoke kukiwa giza na kurudi wenzako wakiwa katika somo la tatu. Ulirudia darasa la sita. Baba yako alikuja mwisho wa mwezi akakukuta umelala mezani na kijiko mkononi, akanitazama tu, akakubeba akakulaza. Hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Mimi nilifanya nini? Nililaumu. Nilimlaumu afisa kwamba hakurudi kutukagua, nikalaumu wenye mbuzi wa kule juu kwamba wamemaliza nyasi, nikalaumu mvua. Mtu akitaja tope mbele yangu nilibadilisha mazungumzo. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na ukuta ukasimama pale mzuri, mrefu, bila faida yoyote, na kila Jumapili nilipita njia ya mbali kwenda kanisani nisiuone.

Kilichonivunja ni wewe. Ulikuwa umefika darasa la saba, jioni moja tunakula, ukaniuliza, "Mwaitu, kesho niende maji ama niende mtihani?" Hukuwa unalalamika. Uliuliza kama mtu anavyouliza kama kuna chumvi. Nilikuambia uende mtihani. Kesho yake nilimchukua punda mwenyewe, nikapita pale mtoni mchana kweupe, nikasimama nikautazama ukuta wangu kwa mara ya kwanza tangu lile ziwa likauke. Nililia pale, punda akinisubiri. Kisha nikarudi nyumbani, nikafunga sukari na majani chai kwenye leso, nikaenda kwa Syombua.

Alikuwa anapanga mawe shambani kwake, peke yake, akijaribu kushika udongo uliobaki. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa yale maneno na kwa zamu yake. Aliitazama ile leso.

"Sukari yako iko sawa, weka hapo," alisema. "Lakini msamaha ya sukari mimi sitaki. Hiyo ukuta ndio iko na tope, si mimi. Enda uibomoe. Siku utaanza, mimi nitakuja kushika karai."

Nilimwambia watu hawatakubali. Akasema, "Wewe walikukubalia kujenga vibaya. Watakataa kubomoa vizuri aje?" Kisha akaendelea kupanga mawe yake.

Baba yako alikuwa nyumbani wiki hiyo na ndiye aliyenifafanulia namna ya kufanya. Tusibomoe wote, alisema, msingi ni mzuri. Tukate pengo pana katikati, tushuke mpaka kimo ambacho tulipaswa kuanza nacho, mafuriko yapate mlango wa kusukuma lile tope litoke. Baada ya hapo tupandishe pengo hilo pole pole, hatua moja kila baada ya mvua, kama tulivyoambiwa mwanzoni. Alinionyesha kwa vijiti vya kiberiti juu ya meza. Niliita mkutano. Niliwaambia kwamba kosa lilikuwa langu, nililijua wakati nalifanya, na sasa nawaomba wavunje kwa mikono ileile waliyojengea. Mmoja alisema afadhali auze shamba. Mwingine aliniuliza kama nikivunja nitamrudishia mgongo wake. Niliwaambia tu kwamba kesho asubuhi nitakuwa mtoni, filimbi sitapuliza, na atakayekuja atakuja kwa hiari yake.

Asubuhi tulikuwa watatu: mimi, baba yako na Syombua na karai lake. Baba yako alinipa nyundo akasema pigo la kwanza ni langu. Nilipiga. Jiwe lile halikutikisika. Simiti tulikuwa tumekoroga vizuri mno, laiti tungekoroga vibaya kidogo. Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi, na kipande cha kwanza kilipoanguka niliona alama ya vidole vya mtu kwenye simiti, mtu fulani aliyekuwa ameisawazisha kwa mkono siku ile tukiimba. Nilitaka kuacha. Syombua akakiinua kile kipande, akakitia kwenye karai, akaenda kukimwaga, akarudi na karai tupu akalishika mbele yangu. Nikapiga tena. Mchana walikuja wawili zaidi, kesho yake wakaja wanane, na mwisho wa wiki ile walikuwepo karibu wote, hata yule aliyetaka kuuza shamba. Wengine walivunja huku wakilia waziwazi.

Mwaka huohuo ilikuja ile mvua ya El Niño ambayo kila mtu Kenya anaikumbuka. Mto ulinguruma wiki kwa wiki. Nilikuwa na hakika unang'oa na msingi wote, na usiku nilikuwa nasikiliza nikidhani nasikia mawe yakiondoka. Maji yalipopungua tulishuka kutazama. Msingi ulikuwepo, pengo lilikuwepo, na tope, ingawa si lote, lilikuwa limesombwa. Mahali pake palikuwa na mchanga, mchache, mweupe, umelala mpaka usawa wa pengo.

Basi tukaanza kupandisha. Hatua moja, tungoje mvua. Hatua nyingine, tungoje mvua. Na hapa ndipo nilipojifunza ninalotaka ulichukue uende nalo. Watu hawakutawanyika. Unajua kwa nini? Kwa sababu safari hii, wakati ukuta unangoja mvua, sisi hatukungoja. Tulichimba matuta kwenye mashamba yote yanayomwaga maji mtoni, tukaanza na la Syombua, upande wa juu ule tuliouruka. Tulipanda nyasi kwenye kingo. Kila udongo tuliouzuia juu ulikuwa tope ambalo halitafika chini. Hofu yangu ya mwanzo haikuwa ya kijinga, kikundi kikikaa bure kweli kinakufa. Ujinga ulikuwa kuona njia mbili tu, kukimbia au kukaa bure.

Kwa hiyo ukifika kule, usianze na mchoro wa fimbo. Mchoro wataelewa, hata mimi niliuelewa siku ya kwanza. Muulize mwenyekiti wao anaogopa nini ukuta ukichelewa. Huenda ng'ombe wao wamekufa, huenda anaogopa vijana watahama na mifugo na asiwapate tena, huenda kuna kikundi ng'ambo kinachoimba. Ukishaijua hofu yake, mtafute pamoja kazi ya kufanya wakati wa kungoja. Kwao mashamba ni machache, kwa hiyo huenda si matuta. Labda ni birika la ng'ombe, labda ni kuzungushia miiba kingo za mto zisikanyagwe. Mimi sijui, wenyewe watajua. Na kutakuwa na mtu mmoja asiyeshangilia. Mtafute huyo kabla hujalala siku ya kwanza. Huenda ni mtu mgumu, Syombua ni mgumu mpaka leo. Akiwa amekosea hutapoteza kitu kwa kumsikiliza.

Sitaki udhani kwamba baada ya hapo niligeuka mwenye busara. Maji yalipopatikana, malori yalikuja kuutaka mchanga wenyewe, uende kujenga nyumba za Nairobi, na vijana wetu waliwapokea kwa mikono miwili kwa sababu kupakia ni kazi na hapa hakuna nyingine. Nilisimama njiani nikawazuia. Kijana mmoja aliniambia, "Mama, wewe uko na maji. Mimi niko na nini?" Malori yaliondoka, lakini swali lake sikulijibu, na siku hizi nasikia yuko machimboni Lukenya anakula vumbi lilelile lililomla baba yako. Bado nalifikiria. Ukipata jibu huko uliko, niandikie, maana vijana wengine wanakua na malori yatarudi.

Ukitaka kujua kama kuvunja kulifaa, kumbuka mwaka ule wa ukame mkubwa, Nairobi walipokuwa wanakatiwa stima kwa zamu na magazeti yakaonyesha mizoga ya ng'ombe. Ulikuwa sekondari, ulikuja likizo. Tulichimba mchanga kimo cha mkono tu, maji yakajaa shimoni, safi. Kikundi kilisema Syombua aonje kwanza. Alichota kwa kiganja, akanywa, akafikiri, akasema, "Iko na mchanga kidogo." Halafu akajaza mtungi wake akaenda zake. Wote tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwaka mzima ule hakuna mtoto wa kijiji hiki aliyekosa shule kwa ajili ya maji.

Ulitazama yote hayo, ukasomea maji, na sasa kuna watu Kajiado ambao wanakaribia kufanya nilichofanya mimi. Wakijenga kwa haraka, kuna mtoto huko atakayeamka gizani na punda. Wewe humjui, nami simjui. Hawatakusikiliza kwa siku ya kwanza, na huenda hata ya pili wakakucheka mkutanoni kama nilivyomchekesha mtu mimi. Usichukue jembe lako ukaondoka. Syombua aliondoka, na ingawa haki ilikuwa yake, sisi tulibaki bila mtu wa kutuzuia. Wewe kaa. Rudia kusema bila hasira. Wakikuuliza unajuaje, waambie umetoka kwenye nyumba iliyowahi kukosea hivyohivyo, na jina la ukuta uwatajie. Sitaona aibu. Tena wakitaka kuja kuuona, wape njia, nitawapikia.

Sasa jibu lako.

Uliniuliza niseme ubaki au uende. Baba yako ana Mungu na ana mimi. Goti langu lina dawa ya kuchua. Katibu tutampata, binti wa dada yake Syombua anaandika vizuri kuliko wewe. Hizo zote si sababu, na wewe unajua si sababu. Sababu ni moja. Nataka ubaki. Nataka nisikie ukifungua mlango jioni, nataka tupete ndengu tukisengenya watu wa kwaya, nataka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka ukuta wowote. Ukiniuliza tena kesho asubuhi nitasema ukweli huo mbele yako, na ninakujua, utafungua sanduku urudishe nguo.

Barua hii naiweka juu ya kitanda chako uisome usiku huu. Kesho usije kuniamsha. Nitakuwa macho tangu jogoo wa kwanza, nitakusikia ukivaa viatu, nitamsikia baba yako akikubebea sanduku, na nitabaki nimelala nimegeukia ukuta mpaka nisikie mlango umefungwa.

Nenda, Mutheu.

Mimi mama yako.